Binti wa Katikati

Chumba cha mashine kilikuwa na baridi ya kumsahaulisha mtu kwamba nje kulikuwa na jua. Kompyuta kuu ya taasisi ilisimama humo ndani ya makabati meusi yaliyopangwa safu kwa safu, ikinguruma mfululizo kama kundi la watu wanaoguna bila kufungua midomo. Watafiti walikuwa wameipa jina la Jiko, kwa sababu ilikula umeme bila kushiba na kutoa joto la kutosha kuivisha chochote. Baridi ile yote ilikuwa ya kuizuia isijiunguze yenyewe. Kwenye meza ndogo iliyobanwa kati ya kabati la mwisho na ukuta, alikaa mwanamke aliyevaa sweta la kijivu juu ya gauni lake la kazi. Pale kazini walimwita Mkunga.

Jina hilo hakulipata hospitalini. Alikuwa mtaalamu wa programu za kompyuta, na programu aliyoiandika enzi za ujana wake, ile inayokokotoa mvua na mafuriko ya bonde zima la mto, ilikuwa na tabia ya kukwama katikati ya kazi. Ikikwama, vichakataji vyote vya Jiko, yaani sehemu zake zinazofanya hesabu, vilikaa kimya vikingojana, foleni ya kazi za watafiti wengine ikarefuka, na lawama zikaanza kupita koridoni. Hapo ndipo sauti iliposikika: "Muiteni Mkunga!" Naye alikuja, akaandika amri chache alizozijua yeye peke yake, na programu ikashtuka, ikavuta pumzi na kuendelea kuzaa tarakimu.

Asubuhi moja ilikuwa imekwama mahali pake pa kawaida, na Mkunga alikuwa ameinamia kibodi, simu ilipotetemeka mezani. Alikuwa baba yake.

"Mama, umeamkaje huko?"

"Nimeamka salama. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sasa sikiliza. Mwambie huyo baba yako mdogo kwamba paa linavuja tena pale katikati, na lile beseni lililo juu ya ukuta linakaribia kujaa. Aje alimwage. Mwambie kichwa chake ni kigumu kuliko hayo mabati."

"Nitamwambia, baba."

"Umwambie hivyo hivyo nilivyosema. Usipunguze."

"Sipunguzi."

Alikata simu, akapiga nyingine. Mtu aliyempigia alikuwa upande wa pili wa ukuta ule ule wenye beseni, karibu kiasi kwamba huenda alikuwa ameyasikia yote.

"Shikamoo, baba. Baba anakusalimia. Anaomba muangalie lile beseni, limeanza kujaa."

"Anisalimie nani? Yule?" Sauti ilikuwa ile ile ya baba yake, ila hii ilikwaruza kidogo. "Mwambie huyo baba yako mdogo beseni aliliweka yeye, alimwage yeye. Na kama ana salamu, mdomo anao. Ukuta wenyewe haufiki hata darini."

Mkunga akamwandikia baba yake ujumbe mfupi: *Amesikia. Anasema ataliangalia.* Kisha akaishtua programu, ikaendelea.

Baba yake na ndugu huyo walikuwa mapacha. Waliirithi nyumba ya mama yao, wakaigawa kwa ukuta: baba yake akachukua mlango wa mbele, ndugu yake mlango wa nyuma. Ndiyo maana Mkunga, ambaye hakuthubutu kumwita yeyote kati yao mkubwa wala mdogo, aliwaita moyoni Baba wa Mbele na Baba wa Nyuma. Neno hilo moja, *mdogo*, ndilo lililowafarakanisha. Siku ya maziko ya mama yao mtu aliuliza nani mkubwa, aseme kwa niaba ya familia, nao wakasimama wote wawili kwa mpigo. Marehemu alipokuwa hai aliulizwa mara nyingi nani aliyetangulia kuzaliwa, na jibu lake halikubadilika: "Mlikuja pamoja." Tangu maziko hayo, kila mmoja alishikilia kwamba mwenzake ndiye mdogo, na kwamba ni wajibu wa mdogo kumwamkia mkubwa. Basi wakakaa, huyu nyuma ya mlango wake na yule nyuma ya mlango wake, wakisubiri shikamoo ambayo haikuja. Kilichohitaji kusemwa kilipitia kwa Mkunga, naye alikipunguza makali njiani.

Mwezi ule Mkunga alikuwa na jambo moja tu alilolitaka, nalo ni kuondoka. Kituo cha utafiti katika mji mwingine kilikuwa kimempa nafasi ya kuandika programu mpya kuanzia mstari wa kwanza, pamoja na watu watakaozisoma na kuzikosoa. Walikuwa tayari kumngoja hadi mwisho wa mwezi. Kilichokosekana kilikuwa kibali cha kuachiwa, na kibali hicho kilihitaji sahihi ya Profesa.

Ofisi ya Profesa ilikuwa na joto na zulia. Ukutani yalining'inia majalada ya majarida yaliyochapisha makala zake, kila moja ndani ya fremu yake.

"Karibu, nguzo yetu!" alisema, akiinuka nusu kitini. "Kaa, kaa. Chai?"

"Ahsante, Profesa. Nimekuja kwa lile suala la kibali."

"Kibali, kibali! Umeshaona wapi nguzo inaomba ruhusa ya kuhama, na nyumba ikabaki imesimama?" Alicheka peke yake, akajifuta jicho. "Nakutania, mwanangu. Lakini nieleze: ukiondoka leo, kesho ikikwama namwita nani?"

Mkunga alikuwa amezoea kuvishwa vilemba vya ukoka katika chumba hicho. Katika makala zote zilizoning'inia ukutani jina lake lilikuwemo, kwenye aya ya shukrani, baada ya wafadhili na kabla ya waandaaji wa chai ya mkutano. Aliyeandika makala alipanda cheo. Aliyeihudumia programu iliyozaa makala alipongezwa kwa uvumilivu wake.

"Nimeacha maelekezo," alisema.

"Nimeyasoma. Yanasema: 'Binti akinyamaza, mshtue.' Binti gani? Namshtua kwa maji ya baridi?" Profesa akatikisa kichwa kwa upole. "Nimekupa Mrithi. Mfundishe. Siku atakayoiendesha programu bila kukuita, nasaini. Hilo ni neno langu."

"Basi niruhusu niitengeneze kwanza, isiwe inakwama. Ikitengemaa, yeyote ataiweza."

"Hapo usiguse." Tabasamu lilibaki usoni, ila macho yaliacha kutabasamu. "Makala zetu zote zimesimama juu ya tarakimu zile. Ukigusa, zitabadilika. Zikibadilika, wahariri wataniuliza zipi za kweli, na mimi nitawajibu nini? Vuta subira. Mashine mpya iko njiani. Ile haitakokotoa kama Jiko, itajifunza. Tutailisha matokeo yetu yote ya miaka hii, nayo itatuambia mvua bila hesabu ndefu. Programu yako itapumzika, na wewe utapumzika."

"Itajifunza kutokana na matokeo haya haya?"

"Kwani tuna mengine?"

Mkunga alitoka akiwa ameelewa vizuri umbo la chumba alichofungiwa. Hangeachiwa mpaka mwingine aiweze programu. Hakuna ambaye angeiweza mpaka itengenezwe. Na kuitengeneza alikuwa amekatazwa. Kila upande aliogeukia ulikuwa ukuta, na kila ukuta ulimwita nguzo.

Mrithi alikuwa mwanamke kijana aliyetoka kumaliza shahada ya uzamivu, mwenye miwani mikubwa na ulimi usio na breki. Siku ya kwanza alikuja chumba cha mashine na blauzi nyepesi, akatetemeka mpaka meno yakagongana. Siku ya pili alikuja amejifunika shuka la kitandani, akasema kama ndio utafiti wenyewe, yuko tayari. Alisoma programu mstari kwa mstari, kidole kikiwa kwenye kioo. Hatimaye akageuka.

"Dada, samahani. Hii ni programu au ni kikao cha ukoo? Mbele ni nani? Nyuma ni nani?"

"Mbele ni nusu ya juu ya bonde, mto unakoanzia. Nyuma ni nusu ya chini. Kila nusu ina kundi lake la vichakataji. Wakifika mpakani lazima wapeane tarakimu, maana maji yanayotoka kwa huyu ndiyo yanayoingia kwa yule."

"Hapo nimekupata. Na Binti?"

"Binti yuko katikati. Anachukua kwa huyu, anampelekea yule."

"Kwa nini wasipeane wenyewe?"

"Hawasemezani."

Mrithi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Vichakataji?"

"Nilipoiandika mara ya kwanza, nilimpa kila mmoja amri ile ile: ngoja mwenzako aanze, kisha umjibu. Ikakwama."

"Iache kukwama kwa nini? Kila mmoja anangoja kuamkiwa!" Mrithi alicheka mpaka shuka likamdondoka. "Wangekaa hivyo mpaka Jiko liote kutu! Dada, chuo gani kilikufundisha kuandika hivi?"

"Hakuna chuo. Niliandika nilivyozoea kuona nyumbani."

Kicheko kilikatika. Mkunga, ambaye hakuwa na desturi ya kueleza mambo ya nyumbani kazini, alijikuta akieleza: mlango wa mbele na mlango wa nyuma, mazishi, beseni. Mrithi alisikiliza bila kutia neno, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Na hukurekebisha," alisema mwishoni.

"Mkutano ulikuwa umekaribia, na Profesa alitaka matokeo. Nikaweka mtu wa katikati, ikaenda. Ilipokwenda, hakuna aliyeuliza tena inakwendaje. Kisha Jiko likaongezwa makabati, kazi zikaongezeka, lakini Binti akabaki mmoja. Vichakataji vyote hivi unavyovisikia, muda mwingi havifanyi kazi. Vinamngoja yeye."

Mrithi alirudi kwenye kioo. Kidole chake kikashuka, kikasimama. "Na hapa? Anakata mikia ya nini?"

"Ya desimali. Tarakimu zilikuwa ndefu. Akizibeba zote anachelewa, akizikata mikia anawahi."

"Na hao wazee wawili wanajua kwamba ujumbe unafika pungufu?"

"Hawajui. Kila mmoja anadhani ndivyo mwenzake alivyosema."

Maneno hayo yalipomtoka, Mkunga aliyasikia kama yamesemwa na mtu mwingine. Simu yake ilikuwa ikitetemeka mezani. Hakuipokea.

"Tuijaribu kwenye nakala," alisema Mrithi. "Nakala si kugusa. Profesa hakukataza nakala. Tumwondoe huyu Binti maskini, tumwambie mmoja aanze."

Mkunga akaweka vidole kwenye kibodi, navyo vikagoma. "Yupi?"

"Yeyote! Dada, ni kompyuta. Haitakununia."

"Nikimwanzisha Nyuma, maana yake Nyuma ndiye mdogo."

Mrithi alimtazama, akaona kwamba hatanii. "Basi waseme kwa pamoja," alisema taratibu. "Kila mmoja atoe lake huku akipokea la mwenziwe, wakati ule ule. Hapo hakuna mkubwa, hakuna mdogo."

*Mlikuja pamoja.* Mkunga akaandika. Haikuwa kazi kubwa. Ilikuwa mistari michache, kiasi cha kumtia mtu aibu. Wakaianzisha nakala, na mngurumo wa Jiko ukabadilika palepale, ukapanda na kujaa, kama chumba ambacho kila aliyemo amepata la kufanya. Wakatoka kunywa chai. Waliporudi, kazi iliyozoea kuchukua siku nzima ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyeishtua.

Furaha yao ilidumu mpaka walipolinganisha. Katika hesabu za msimu mmoja, matokeo mapya na ya zamani yalifanana. Katika hesabu za misimu mingi yalianza kuachana, polepole, kwa sababu kila mkia uliokatwa mpakani ulisukuma kosa dogo mbele, na kosa dogo likazaa jingine. Mwisho wake, mto wa hesabu mpya ulifurika mapema kuliko mto wa makala zote zilizoning'inia kwenye ukuta wa Profesa. Si mapema sana. Lakini mtu anayelala kando ya maji asingeliona jambo hilo kuwa dogo.

Profesa aliitazama michoro miwili waliyomletea, mmoja wa hesabu za zamani na mmoja wa hesabu mpya, kwa muda mrefu, akiigeuza huku na huku.

"Nilisema msiguse."

"Ni nakala, Profesa," alisema Mrithi.

"Nakala yenye mdomo." Aliiweka mezani kifudifudi. "Na mnataka nifanye nini?"

"Tuliambie jarida," alisema Mkunga. "Turudie hesabu. Mikia ile—"

"Mwanangu, mikia ile ni mimi niliyekwambia uikate. Umesahau? Ulikaa kiti hicho hicho. Ulisema Binti anachelewa, nikasema mpunguzie mzigo. Nilijua. Nilidhani tutarudi kuirekebisha." Sauti yake, kwa mara ya kwanza, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Hakuna anayerudi. Makala ikitoka, unaandika nyingine. Wafadhili hawalipii kurudi." Akamgeukia Mrithi. "Ile ya zamani, wewe umeielewa?"

"Nimeielewa."

"Binti akinyamaza, unaweza kumshtua?"

"Naweza."

"Basi sharti langu limetimia. Mkunga, ifute hiyo nakala. Ukiifuta, kesho asubuhi nasaini kibali chako, na nakutakia heri kwa moyo wangu wote."

Walipofika kwenye mlango wa chumba cha mashine, Mrithi alijaribu kuchangamka.

"Nenda tu, dada. Umekaa vya kutosha. Ila hilo sweta niachie, shuka langu linachekwa."

Ulikuwa mzaha, na Mkunga alicheka kama inavyopasa. Lakini aliingia kwenye foleni ya basi jioni ile akiwa bado analiona sweta lake kwenye mabega ya mtu mwingine.

Hakwenda kwake, alikwenda nyumbani kwa wazee. Mvua ilikuwa imeanza. Baba wa Mbele alimpokea na, hata kabla hajakaa, alinyoosha kidole juu. Ukuta wa katikati uliishia chini kidogo ya dari, na juu yake lilikaa beseni la plastiki, likipokea matone kutoka kwenye bati.

"Umeliona? Nilisema. Mwambie huyo aje alimwage."

Kutoka upande wa pili ikaja sauti inayokwaruza. "Mama, umefika? Mwambie huyo aliyeliweka ndiye alimwage."

Wote wawili wakangoja. Mkunga alifungua kinywa, kwa mazoea, achukue neno la huyu, alilainishe, amrushie yule. Kisha akakifunga. Alikaa kwenye kiti, akaweka mikono mapajani.

"Hukunisikia?" aliuliza Baba wa Mbele.

"Nimesikia, baba. Na yeye amesikia."

Kimya kikaingia. Tone likafuata tone. Baba wa Mbele aliutazama ukuta. Bila shaka nyuma ya ukuta mtu mwenye uso ule ule alikuwa akiutazama pia. Mkunga aliona jinsi ukimya ule ulivyoweza kuendelea bila kikomo, na akaelewa, kwa maumivu ambayo hakuyatarajia, kwamba kwa miaka yote hiyo hakuwa daraja lao. Alikuwa ndicho kitu kilichowawezesha kuishi bila daraja.

Beseni likainama.

"Beseni!" walipiga kelele wote wawili, kwa sauti moja, na mikono minne ikapanda juu ya ukuta.

"Shika!"

"Nimeshika! Shika wewe!"

"Usivute kwako, utanimwagia!"

"Na wewe usisukume, unaniona mimi bustani?"

"Basi taratibu. Taratibu, bwana. Kwa pamoja."

Walisimama hivyo, huyu huku na yule kule, kila mmoja ameshika ukingo wake, na hakuna aliyeweza kuachia bila kumlowesha mwenzake au kujilowesha. Waligombana kuhusu upande wa kulishushia. Waligombana kuhusu fundi. Hakuna aliyekumbuka kuuliza nani aliyeanza. Mkunga alichukua mkoba wake na kuaga, wala hawakumsikia.

Asubuhi kibali kilikuwa mezani kwa Profesa, na kalamu kando yake.

"Umefuta?"

"Sijafuta."

Profesa alivua miwani. "Kwa nini?"

"Kwa sababu hivi sasa Binti bado anaonekana. Ana jina, ana mstari wake, mtu anaweza kuusoma na kuuliza anakata nini. Mashine mpya ikishazila tarakimu hizi na kuzijua kwa moyo, hakuna atakayeweza kuingia ndani yake kumtafuta. Itakuwa inajibu tu, na sisi tutaiamini kwa kuwa inajibu haraka."

"Huko wanakokungoja hawatakungoja."

"Najua."

"Na mimi sitasaini."

"Najua, Profesa." Alitoa karatasi kwenye mkoba, akaiweka karibu na kibali. "Hii ni barua kwa jarida. Ina sahihi yangu na ya Mrithi, niliyempitia asubuhi hii. Nafasi ya jina lako nimeiacha wazi. Mwisho wa mwezi tutaituma, hata kama bado iko wazi."

Akainuka, akarudi kwenye baridi.

Mwezi ukaenda ukingoni. Kile kituo cha mji mwingine kiliandika kwa adabu kwamba nafasi imepewa mtu mwingine. Mrithi aliiendesha ile nakala mahali pa programu ya zamani siku baada ya siku, bila kuzuiwa na Profesa, nayo haikukwama hata mara moja. Koridoni hakuna aliyesema tena "muiteni Mkunga". Simu yake ililala mezani bila kutetemeka. Mara moja tu alimpigia baba yake kumjulia hali, akaambiwa: "Piga baadaye kidogo, tunabishana na baba yako mdogo kuhusu misumari."

Alikaa kwenye meza yake iliyobanwa kati ya kabati na ukuta, amevaa sweta, mikono mapajani. Mara kwa mara kidole kilinyanyuka chenyewe kwenda kwenye kibodi kumshtua mtu ambaye hakuwepo. Hakuhitajika tena popote, na bado alikuwa pale pale.

"Dada," alisema Mrithi bila kugeuka, "toka nje uote jua. Mimi nipo."

Mkunga akavua sweta, akalitundika kwenye kiti, akatoka. Koridoni mlango wa Profesa ulikuwa wazi nusu. Alimwona ameinamia meza. Kibali kilikuwa upande huu, barua ya jarida upande ule, zote mbili hazijaguswa, na kalamu ililala katikati, kifuniko kimevuliwa. Profesa akainua uso.

"Shikamoo, Pro—" alianza Mkunga.

"Mkunga, hebu—" alianza Profesa.

Sauti zikagongana mlangoni. Kisha wote wawili wakanyamaza, kila mmoja akimngoja mwenzake aendelee.